Bega Likiumia, Mkono Usilale



Aliyeumia mguu huonekana akichechemea, na watu humpisha njia. Aliyeumia bega hana wa kumpisha. Huenda ni mchukuzi wa magunia, fundi rangi ashindaye ameinua mkono darini, au mama wa nyumbani anayeanika nguo kambani. Usiku hawezi kulalia ubavu mmoja, na asubuhi kuvaa shati ni kazi nzima. Wenzake wakimwona hana bandeji, humdhania mvivu.

Bega limeumbwa kwa namna ya pekee. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, nacho kimeegemea kisahani kidogo cha mfupa wa kombe. Kinachokishikilia ni misuli minne pamoja na kano zake, mfano wa vidole vilivyoshika embe. Kano ikichanika, au ikishonwa kwa upasuaji, mkono hutundikwa shingoni kwa majuma kadhaa, na msuli usiofanya kazi husinyaa.

Hapo ndipo penye shida. Ili kuongeza nguvu, msuli kwa kawaida hupewa uzito wa kama asilimia 70 ya ule mkubwa kabisa uwezao kuinuliwa mara moja. Bega bichi haliwezi kuuhimili. Anayelilazimisha huweza kuchana tena kilichoshonwa.

Jawabu mojawapo lilianzia Japani. Mwaka 1966, kijana Yoshiaki Sato alikuwa amepiga magoti kwa muda mrefu katika ibada ya Kibuddha hata miguu ikafa ganzi. Alipoikanda, alihisi mashavu ya miguu yamejaa kama baada ya mazoezi makali. Akashuku kuwa sababu ni damu iliyozuiliwa, akaanza kujaribu mikanda mwilini mwake. Mwaka 1973 aliumia kifundo na goti akiteleza kwenye theluji, naye akajiuguza kwa mtindo huo, ambao huitwa Kaatsu.

Siku hizi mtaalamu wa fiziotherapia hufunga mkanda wa kujazwa hewa, unaofanana na ule wa kupimia presha, juu kabisa ya mkono karibu na kwapa. Damu iingiayo hupunguzwa, na itokayo huzuiliwa zaidi. Mgonjwa huinua uzito mwepesi, asilimia 20 hadi 30 tu: mara 30 kwanza, kisha mara 15 kwa awamu tatu, akipumzika nusu dakika baina ya awamu. Msuli uliopungukiwa na oksijeni huchoka upesi, kana kwamba umebeba mzigo mzito.

Utauliza: ikiwa mkanda uko mkononi, bega lililo juu yake lanufaikaje? Wataalamu hueleza kwamba misuli ya mkono ikichoka, ile ya bega na kifua hulazimika kusaidia zaidi. Chunguzi kadhaa zimeonyesha faida. Nyingine hazikuona tofauti kubwa. Basi huu ni msaada wa tiba, wala si muujiza.

Nakusihi, ndugu msomaji, usijifunge mpira wa baiskeli nyumbani. Shinikizo hupimwa kwa kila mtu. Kwa mkono, mara nyingi huwa asilimia 40 hadi 50 ya lile likatizalo damu kabisa. Mpira hauna kipimo. Mwenye historia ya damu kuganda, presha isiyotulia au selimundu, na mama mjamzito, wasijaribu bila idhini ya daktari. Mkono ukifa ganzi au kubadilika rangi, mkanda ufunguliwe mara moja.

Hata pasipo mkanda, mazoezi mepesi uliyofundishwa hospitali, yakifanywa kila siku kama ulivyoelekezwa, ndiyo msingi wa kupona. Nanyi jamaa wa nyumbani, mpunguzieni ndoo na mizigo, lakini mkumbusheni mazoezi yake. Mwenda pole hajikwai.