MODELI ZA MANOWARI CHUMBANI: FUNGUA DIRISHA, USITUPE BOKSI

Leo nawaletea jambo ambalo najua wengine mtacheka. Nataka tuzungumzie modeli. Si wale akina dada wa maonyesho ya mavazi, la! Nasema zile manowari, ndege na vifaru vidogo vya plastiki ambavyo watu wazima wananunua vikiwa vipande ndani ya boksi, wanavikata, wanavigundisha na kuvipaka rangi, hasa vile vya Wajapani wa Vita vya Pili vya Dunia.

"Dada nesi, hilo nalo ni la afya?" Ndiyo, ni la afya, tena limeingia mpaka ndani ya ukoo wangu. Mwenyewe ameniruhusu nilieleze, bila jina.

Mdogo wangu wa kiume yuko hapa Uingereza miaka mingi. Ni mbeba boksi kama wengi wetu, shifti za usiku ghalani, mchana analala. Baba yetu alipofariki nyumbani alishindwa kwenda kuzika kwa sababu ya makaratasi. Hakulia wala hakusema kitu. Alianza kurudi kazini na kukaa kwenye kochi anatazama ukuta, na makopo ya bia yakawa yanaongezeka. Mimi nesi, niliyesomea kazi hii nyumbani Tanzania na nikaisomea tena huku, nilimpigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili alinijibu, "Niko poa, dada." Nami nikakubali.

Aliyemsaidia alikuwa mzee mmoja wa Kiingereza, mfanyakazi mwenzake, aliyempa boksi la kifaru cha Kijapani kiitwacho Chi-Ha, kwa kipimo cha 1/35. Maana yake kila sentimita moja ya modeli ni sentimita 35 za kifaru chenyewe, na kikikamilika kina urefu wa kalamu hivi. Kwa nini cha Kijapani? Kwa sababu babu yetu alikuwa Keya. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana na Wajapani huko Burma, wakashuka bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin. Babu alikuwa akisema "Mjapani" sisi watoto tulidhani anasema Toyota! Mdogo wangu alikuwa anakaa miguuni pake kumsikiliza, mimi nilikuwa jikoni na Bibi.

Basi akaanza. Kutoka kifaru akaenda kwenye ndege ya Zero ya Mitsubishi, ambayo mabawa yake halisi yalikuwa mita 12, na kwa kipimo cha 1/48 unaiweka kwenye kiganja. Kisha manowari Yamato, mita 263, iliyozamishwa tarehe 7 Aprili 1945. Akanieleza kwamba mji wa Shizuoka huko Japani ndio kitovu cha kazi hizi, kwamba Tamiya walianza mwaka 1946 kama wafanyabiashara wa mbao na modeli yao ya kwanza ya plastiki, mwaka 1960, ilikuwa hiyo hiyo Yamato. Mimi nilimjibu vipi? Nilimwambia, "Una miaka arobaini, unachezea vidude vya watoto? Hela hizo si ungetuma nyumbani?" Nakiri hapa mbele yenu kwamba nilikosea.

Nilikosea kwa sababu sikutazama kilichokuwa kinatokea. Mtu aliyekuwa hawezi kukaa dakika kumi bila kopo la bia sasa anakaa saa mbili anabandika kipande kidogo kama mbegu ya ufuta kwa kibano. Mkono unaotetemeka kwa pombe hauwezi kazi hiyo, kwa hiyo pombe akaipunguza mwenyewe bila mahubiri ya dada yake. Na kila Alhamisi akawa anakwenda kwenye klabu ya wenzake, watu wanaomuuliza "Umefikia wapi?" na wanasubiri jibu. Kwa wanaume wetu walio peke yao ughaibuni hiyo si anasa. Tunajua wangapi wamekutwa vyumbani mwao baada ya siku tatu. Mtu akipata kitu cha halali kinachomshika akili na kumtoa nje mara moja kwa wiki, tafadhali, TUSIMCHEKE.

Sasa nakuja kwenye upande wa pili, na hapa ndipo nisikilizeni vizuri.

Mdogo wangu ana mtoto wa miaka sita mwenye pumu. Msimu mmoja wa baridi pumu ilizidi, usiku kikohozi na kifua kubana, na mara mbili wakakimbizwa hospitali. Dawa zikaongezwa. Kliniki waliuliza maswali ya kawaida: Kuna mtu anavuta sigara nyumbani? Hapana. Mnafuga paka? Hapana. Kuna ukungu ukutani? Kidogo. Hakuna aliyeuliza, "Nani anapuliza rangi ndani ya nyumba?" Hata mimi shangazi mtu sikuuliza, na maswali hayo hayo ndiyo niliyokuwa nawauliza wagonjwa wangu kwa miaka.

Siku moja nikaenda kuwatembelea. Nyumba ni vyumba viwili, madirisha yamefungwa kwa baridi. Nilipofungua mlango wa chumba cha mtoto harufu ikanipiga kama nimeingia gereji ya kupaka rangi magari. Meza ya modeli ilikuwa pale, futi tatu kutoka kitanda cha mtoto, kwa sababu ndiyo nafasi pekee iliyobaki. Baba mtu alikuwa anapuliza rangi mchana mtoto akiwa shuleni, akidhani harufu ikipungua basi mambo yamekwisha. Yeye mwenyewe alikuwa na kichwa cha kuuma kila siku na akasema ni shifti za usiku.

Naomba nieleweke. Sisemi rangi ndiyo iliyomletea mtoto pumu, pumu ina vyanzo vingi. Nasema mvuke wa thina, gundi na rangi unaweza kuichokoza pumu iliyopo, na kwa mtu mzima unaleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na macho kuwasha. Meza ilipohamishwa na utaratibu kubadilishwa, kichwa cha baba kilitulia ndani ya wiki. Mtoto, pamoja na dawa zake alizoendelea nazo, hajalazwa tena tangu hapo.

Wifi yangu yeye alitaka kutupa kila kitu kwenye pipa la taka. Namwelewa kabisa, angekuwa wangu ningetaka hivyo hivyo. Lakini nikamwambia: ukitupa boksi, yule mume wa kwenye kochi atarudi. Tatizo ni chumba na hewa, tuvishughulikie hivyo. Basi haya ndiyo niliyowaambia, nanyi mnaofanya kazi hii au mnaoishi na anayeifanya yachukueni:

1. CHUMBA CHA KULALA SI KARAKANA. Usipulize rangi wala kufungua thina chumba anacholala mtu, hasa mtoto, mama mjamzito au mwenye pumu. Afadhali banda la nje, gereji au varanda. Kama unaishi chumba kimoja, na wengi wetu ndivyo tunavyoishi, basi usipulize kabisa. Paka kwa brashi, rangi za maji, dirisha wazi. Zipo pia modeli za kubana kwa mkono bila gundi wala rangi, hata ya Yamato ipo.

2. SOMA KOPO. Likiandikwa akriliki usidhani ni maji matupu, nyingine zina alkoholi ndani. Na hata rangi ya maji ukiipuliza inakuwa ukungu unaoingia kwenye mapafu.

3. BARAKOA YA KARATASI HAIZUII MVUKE. Zile za wakati wa korona zinasaidia kidogo kwa vumbi, basi. Anayepuliza rangi anahitaji barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na feni inayotoa hewa NJE ya nyumba, si ya kuizungusha humo humo.

4. MOTO. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na moto. Kwa hiyo mbali na jiko la gesi, sigara na, akina mama wa Pwani nisikieni, mbali na chetezo cha udi!

5. VUMBI. Ukipiga msasa, hasa vipande vya rezini, lowesha kwanza. Vumbi likilowa haliruki. Futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie.

6. SUPA GLUU. Vidole vikigandana USIVUTE, utabandua ngozi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, taratibu vitaachia. Ikiingia jichoni usilazimishe kope kufunguka, osha kwa maji ya uvuguvugu na nenda hospitali. Usiifute kwa pamba, maana ikikutana na pamba huchemka na kuunguza.

7. KISU. Kata kuelekea mbali na mwili wako. Kikianguka mezani usikidake, kiache kianguke, na vaa viatu. Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuchungulia. Damu isiposimama au kidole kikifa ganzi nenda hospitali, na uliza kama chanjo yako ya pepopunda inatosha.

8. BETRI NDOGO ZA KIFUNGO. Wengine wanaweka taa ndani ya modeli. Betri hizo mtoto akimeza zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Hii ni DHARURA, usisubiri itoke yenyewe. Piga 999 hapa Uingereza, 911 Marekani, au namba ya dharura ya nchi uliyopo.

9. MACHO NA SHINGO. Ukishapita arobaini huoni karibu kama zamani. Kapime macho, weka taa nzuri, na kila nusu saa simama, nyoosha shingo, tazama mbali dirishani.

Na la mwisho ambalo halina namba: MWAMBIENI DAKTARI UKWELI. Sisi tuna tabia ya kwenda kliniki na kujibu "hapana, hapana, hakuna kitu" kama tunahojiwa na polisi. Mdogo wangu alijua kuhusu rangi, lakini aliona aibu kumwambia daktari kwamba mtu mzima anachezea manowari. Aibu hiyo nani alimpandia? Ni mimi na wengine tuliomcheka! Tungemheshimu tangu mwanzo angesema, na mtoto huenda asingefika hospitali mara mbili.

Wapo watakaosema kutengeneza silaha za Wajapani ni kusifu maovu. Hoja hiyo siidharau. Nilimwonyesha mwenzangu wa wodini, Mfilipino, picha ya ile Zero kwenye simu akanyamaza, maana kwao kumbukumbu ya Bataan ya mwaka 1942 bado iko hai. Tangu hapo sionyeshi picha hizo ovyo, nanyi mnaopamba sebule kwa bendera za enzi ile mkumbuke wageni wenu. Lakini mdogo wangu hasifu, anakumbuka. Hivi sasa anatengeneza nyambizi I-27, sentimita 31 kwa kipimo cha 1/350. Nilipomuuliza kwa nini hiyo akanieleza habari ambayo shuleni sikufundishwa. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na manesi. Tarehe 12 nyambizi hiyo iliipiga karibu na Maldives, ikazama ndani ya dakika chache, na karibu watu 1,300 walikufa. Siku hiyo hiyo manowari mbili za Kiingereza, Paladin na Petard, zikaiangamiza I-27.

Manesi, ndugu zangu. Wanawake wa kazi yangu walizama pamoja na vijana wetu, na nimelijua hilo kwenye meza ya mtu niliyemwambia anachezea vidude vya watoto. Meza hiyo sasa iko kwenye banda la bustani, na feni ninayoijua bei yake kwa sababu nilimnunulia mimi.

Kwa hiyo wewe mke, dada au rafiki, ukiona maboksi yanaingia nyumbani usianze kwa kelele. Uliza yanatengenezwa wapi, hewa inatokea wapi, na watoto wanalala wapi. Nawe unayetengeneza, ukisikia kichwa kinauma au mtoto anakohoa, acha kibano chini, fungua dirisha, na kamwambie daktari kila kitu.

Haya niliyoandika ni ushauri wa jumla, hayachukui nafasi ya daktari anayekujua. Tukijaaliwa tutakutana tena hapa hapa. Jitunzeni, na msisahau chanjo ya mafua.

Dada yenu, nesi.