Jina Moja Liandikwe Mara Moja

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hekima hiyo imeongoza huduma za afya kwa miaka mingi, tena kwa haki: pasipo kumbukumbu iliyoandikwa, daktari hawezi kujua dawa aliyokwisha kupewa mgonjwa, wala Wizara haiwezi kutambua ni wapi malaria imezidi. Tatizo la leo katika vituo vingi vya Tanzania si kukosekana kwa daftari, bali ni wingi wake.

Uchukuliwe mfano wa muuguzi wa zahanati siku ya kliniki ya wajawazito. Taarifa za kila mama huandikwa kwenye kadi yake, kisha kwenye rejista ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwisho wa mwezi rejista hujumlishwa kwa mkono, takwimu huhamishiwa kwenye fomu, na fomu hupelekwa wilayani ili ziingizwe katika mfumo wa DHIS2, uliosambazwa nchi nzima kufikia mwaka 2013. Pale kompyuta inapofikishwa kituoni bila rejista kuondolewa, huongeza kazi badala ya kuipunguza. Muuguzi yule yule huandika habari ile ile mara nyingine tena, huku foleni ikirefuka nje.

Madhara yake si uchovu tu. Kila takwimu inaponakiliwa, mlango wa kosa hufunguka: tarakimu hurukwa, mstari hukosewa, jumla haiafikiani na rejista. Takwimu hizo ndizo zinazotazamwa wakati wa kupanga dawa, chanjo na watumishi. Zaidi ya hayo, dakika zinazotumika kunakili ni dakika ambazo mama hakuulizwa iwapo kichwa kinamuuma sana au anaona maruweruwe, dalili zinazoweza kutangulia kifafa cha mimba.

Wapo wanaosita kuiacha karatasi, na hoja zao zina uzito. Umeme hukatika, mtandao husuasua, na siri ya mgonjwa ikivuja katika kompyuta huweza kuvuja ya maelfu kwa mara moja. Hata hivyo, karatasi nayo haitunzi siri kama inavyodhaniwa. Faili hubebwa na ndugu kutoka chumba hadi chumba, na rejista iliyofunuliwa mezani husomwa na yeyote anayeinama. Mfumo wa kompyuta uliosanifiwa vyema huacha alama ya kila aliyefungua taarifa. Rejista haijui nani aliisoma. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuweka wajibu kwa wanaokusanya na kutunza taarifa za watu. Kilichobaki ni kuutimiza wajibu huo hadi katika zahanati ya mwisho.

Basi njia ifaayo si kuchoma rejista kwa siku moja, wala kuziacha ziishi milele kando ya kompyuta. Kila mfumo mpya unapoletwa, waulete pamoja na tarehe ya kustaafisha rejista unayoichukulia nafasi, baada ya kipindi kifupi cha majaribio ambapo takwimu za pande zote mbili hulinganishwa. Kituo kipewe umeme wa jua au betri ya akiba, na fomu chache za dharura kwa saa za giza. Kadi ya mama mjamzito ibaki mkononi mwake hadi hapo kituo chochote atakachojifungulia kitakapoweza kuona taarifa zake, kwa maana uchungu hauchagui wilaya. Nao wanafunzi wa uuguzi na utabibu wafundishwe matumizi ya mifumo hii wangali vyuoni, wasikutane nayo kwa mara ya kwanza mbele ya mgonjwa.

Mafanikio ya mageuzi haya yasipimwe kwa idadi ya kompyuta zilizonunuliwa. Yapimwe kwa mara ambazo jina la mama mmoja huandikwa tangu aingie getini hadi arudi nyumbani. Likiandikwa mara moja, kwa usahihi na kwa siri, muuguzi atapata nafasi ya kuinua macho na kumtazama.