MFANYAKAZI SI GANDA LA MUA

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu, mishahara hupigwa hesabu na kompyuta, na abiria hukata tiketi ya ndege bila ya kuonana na karani. Wengi hudhani kwamba mambo hayo hujiendesha yenyewe. Hayajiendeshi. Nyuma ya kila mtambo yuko mtu aliyekesha akiutunza, na mtu huyo ni mfanyakazi sawasawa na kuli wa bandarini na mkata mkonge wa shambani. Leo twapenda kusema neno juu ya mfanyakazi huyo na tajiri wake, kwa kuwa yaliyompata Marekani yaweza kutufikia na sisi.

Kampuni ya IBM ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani zinazouza mitambo na huduma za kompyuta. Thomas Watson, aliyeiongoza tangu mwaka 1914 hadi 1956, alijenga desturi ya kumheshimu mfanyakazi. Katika shida kuu ya uchumi ya miaka ya 1930, wakati viwanda vingi vya Marekani vilipokuwa vikifungwa, yeye hakufunga vyake. Ikawa ni kama ahadi isiyoandikwa: mtu akiingia IBM na akafanya kazi kwa bidii, hafukuzwi kwa sababu ya upungufu wa kazi. Watu wakaamini, wakaipa kampuni ujana wao. Wakahamishwa mji hadi mji wasinung'unike, wala wasione haja ya kuunda chama cha wafanyakazi.

Ahadi isiyoandikwa huvunjika bila ya kelele. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara iliharibika, na katika mwaka 1993 peke yake kampuni ilipata hasara ya dola zipatazo bilioni 8. Maelfu wakapunguzwa. Kampuni ikageukia zaidi biashara ya huduma, yaani kuwatunzia watu wengine kompyuta zao, nayo ikapata nafuu. Kisha mwaka 1999 wakuu wakatangaza kubadili mpango wa malipo ya uzeeni. Mpango wa zamani ulimzidishia mtu haki yake katika miaka ya mwisho ya utumishi. Mpango mpya uliiondoa ziada hiyo. Waliokuwa karibu kuvuna ndio waliong'olewa mazao.

Hapo ndipo wafanyakazi walipozinduka. Walitafutana kwa njia ya intaneti, wakapiga hesabu wenyewe, wakapeleka malalamiko yao kwa wabunge, na wengine wakaanzisha umoja wao chini ya chama kikubwa cha wafanyakazi wa mawasiliano. Kampuni ikarudi nyuma hatua moja: waliotimiza umri wa miaka 40 na utumishi wa miaka 10 waliruhusiwa kuchagua kubaki katika mpango wa zamani. Jambo hili twaomba lisisahauliwe. Watu walioambiwa kwamba hawana nguvu walipata sehemu ya haki yao mara tu waliposema kwa sauti moja.

Lakini kushinda mara moja si kushinda daima. Mwezi Machi mwaka 2018 shirika la habari la ProPublica lilitoa uchunguzi wake. Lilikadiria kwamba katika muda wa miaka mitano IBM iliwaondoa kazini Wamarekani zaidi ya 20,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, nao walikuwa kiasi cha asilimia 60 ya wote walioondolewa nchini humo. Wako walioambiwa kwamba ujuzi wao umepitwa na wakati, kisha wakaitwa tena kuifanya kazi ile ile kwa mkataba wa muda na kwa malipo madogo. Tunauliza: ikiwa ujuzi wao ulikuwa umekufa, uliwezaje kufufuka mara tu ulipopungua bei?

Mwaka 2020 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa katika ajira ilieleza kwamba imepata sababu za kuamini kwamba kati ya mwaka 2013 na 2018 kampuni iliwabagua wafanyakazi wenye umri mkubwa, na kwamba amri hiyo ilitoka juu. Miongoni mwa waliowekwa katika hesabu ya kupunguzwa, zaidi ya asilimia 85 walikuwa watu wazima wa umri huo. Mwaka 2022 karatasi zilizotolewa mahakamani zikaonyesha kwamba wakubwa fulani walikuwa wakiwataja watumishi hao kwa jina la kebehi lililotokana na dinosau, wale wanyama wakubwa waliotoweka duniani zama za kale, na walizungumza juu ya kuwafanya kuwa jamii iliyotoweka.

Haki inatudai tuseme pia kwamba kampuni imekana. Ilisema kwamba haikumbagua mtu kwa umri, kwamba maneno yale hayalingani na heshima inayowapa watumishi wake, na kwamba ilichokuwa ikifanya ni kubadilika kwa kadiri biashara ilivyobadilika. Hatusemi kwamba tajiri hana ruhusa ya kubadili kazi. Mitambo hubadilika, na anayekataa kujifunza hujidhuru mwenyewe. Tunalosema ni hili: mabadiliko ni jambo moja, na dharau ni jambo lingine. Jungu kuu halikosi ukoko. Mtu aliyeutunza mtambo kwa miaka 25 anajua kasoro zake zisizoandikwa katika kitabu chochote. Kumfundisha mambo mapya ni gharama. Kumtupa ni hasara, ingawa hasara hiyo haionekani katika hesabu za mwaka.

Yafaa pia tutazame silaha iliyotumiwa, maana ilikuwa ya kimya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inamtaka tajiri anayewapunguza watu kwa kundi, naye akitaka waache haki yao ya kumshitaki kwa ubaguzi wa umri, awaonyeshe umri wa walioondolewa na wa waliobaki. Tangu mwaka 2014 kampuni iliacha kutoa orodha hiyo. Badala yake, aliyetaka kiinua mgongo alitakiwa atie sahihi kwamba akiwa na dai la umri atalipeleka mbele ya msuluhishi wa faragha, peke yake, bila ya kuungana na mwenzake. Na kiinua mgongo chenyewe kilikatwa mwaka 2016, kikawa mshahara wa mwezi mmoja tu. Tazameni werevu wa jambo hili! Mtu ana kodi ya nyumba na watoto shuleni. Anaonyeshwa mshahara wa mwezi kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto ananyang'anywa wenzake. Kila mmoja akaenda na dai lake chumbani, na mlango ukafungwa.

Na ule umoja ulioanzishwa mwaka 1999 ulikuwa wapi? Ulikuwa umedhoofika. Haukupata kutambuliwa na kampuni kuwa msemaji wa wafanyakazi wa Marekani, na mwanzoni mwa mwaka 2016 ulisimamisha shughuli zake. Wengi walijiona wataalamu, si wafanyakazi. Waliona kwamba chama ni cha watu wa nyundo na koleo. Tai ya shingoni iliwafanya wasahau kwamba wao pia hula kwa jasho lao. Wengine waliielekeza hasira yao kwa Wahindi waliopewa sehemu ya kazi hizo kwa mshahara mdogo. Hilo lilikuwa kosa. Kijana wa Bangalore hakumfukuza mtu kazini. Naye siku moja atakuwa na umri wa miaka 50, na atapimwa kwa mizani ile ile.

Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Kazi za kompyuta zimekwisha kufika Afrika Mashariki. Mjini Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 waliokuwa wakichuja picha na maandishi kwa ajili ya makampuni ya ng'ambo walikutana wakapiga kura ya kuunda chama chao. Vijana hao hawakungoja wazeeke ndipo waujue umoja. Na hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayokataza kumbagua mtu kwa umri wake, na inayomtaka tajiri, kabla ya kupunguza watu, aeleze sababu, ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe, na aseme ni kwa njia gani atawachagua wa kuondoka. Sheria hiyo ni njema, lakini sheria ni kama jembe: haliendi shamba peke yake.

Kwa hiyo twawaambia ndugu wafanyakazi wa ofisi za kompyuta, vijana kwa wazee: isomeni mikataba yenu kabla ya kutia sahihi, na siku ya kuletewa karatasi ya kuagana msiitie sahihi kabla hamjaipeleka chamani. Jifunzeni kazi mpya bila ya kuchoka, ili asipatikane mwenye kisingizio. Na wala kijana asifurahi aonapo kiti cha mzee kimebaki kitupu.

Nanyi wakuu wa kazi, ambao wengi wenu mlianza kwa kuagizwa chai, tunawakumbusha jambo moja. Mua hutafunwa ukatoa utamu wake, na ganda likatupwa, wala hapana anayelaumiwa. Mfanyakazi hatupwi hivyo. Yeye ana jina, ana nyumba, na ana miaka aliyowapeni ambayo hamwezi kumrudishia.