Mvinyo Mkavu Haujaharibika

Kila jioni, katika baa na kumbi za harusi kuanzia Mwanza hadi Mombasa, kuna hukumu inayotolewa bila mshitakiwa kusikilizwa. Mtu anaonja mvinyo, anakunja uso, anasogeza glasi pembeni na kusema umeharibika. Mvinyo wenyewe mzima kabisa, ila hauna sukari. Imani kwamba mvinyo mzuri ni lazima uwe mtamu imeota mizizi kiasi kwamba wahudumu wengi hawaulizi tena: ukitaja mvinyo, unaletewa mwekundu mtamu, baridi kama soda. Ni imani ya uongo, na inatugharimu.

Zabibu iliyoiva ina sukari tele. Hamira huila na kuigeuza kuwa kilevi na hewa ya ukaa. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Hamira ikiachwa imalize kazi, sukari inakwisha na mvinyo unakuwa mkavu. Umoja wa Ulaya unauita mkavu mvinyo wenye sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 kama uchachu wake ni mkubwa. Mtamu huanzia gramu 45. Anayedai mvinyo mkavu umeharibika anaulaumu kwa kuwa umefika mwisho wa safari yake. Mvinyo mwingi mtamu wa bei nafuu hupatikana kwa mtengenezaji kuingilia kati: anaipoza na kuichuja hamira kabla haijamaliza, au anaongeza juisi ya zabibu iliyokolezwa.

Ndiyo maana aina ya zabibu haikuambii utamu wa chupa. Chukua Chenin Blanc. Kule Vouvray, kwenye bonde la mto Loire nchini Ufaransa, zabibu hii moja hutoa mvinyo mkavu, mvinyo mtamu kama asali, na mvinyo wa mapovu. Nchini Afrika Kusini, hiyo ndiyo zabibu nyeupe inayolimwa zaidi, na Dodoma ipo pia. Ikiwa kavu inanukia tufaha na pera, na ina uchachu unaosafisha kinywa baada ya samaki wa kukaanga. Mwagia sukari nyingi, na harufu hizo zinabaki nyuma ya utamu ambao ungeweza kuupata kwenye kinywaji chochote.

Mwekundu ndio unaoonewa zaidi. Juisi ya karibu zabibu zote nyekundu haina rangi. Wekundu hutoka kwenye maganda, na pamoja nao hutoka tanini, ule ukakasi unaoukausha ulimi kama bibo lilivyoukausha utotoni. Watu huuchukia ukakasi huu kwa sababu wanakutana nao mahali pasipofaa: tumbo tupu, glasi iliyotoka kwenye barafu. Baridi kali huzidisha ukakasi na uchungu. Uache mwekundu mkavu upoe kiasi tu, nyuzi 16 au 17 hivi, uunywe na mbuzi choma yenye mafuta, nao utalainika mdomoni. Hapo ndipo Syrah inapoonyesha pilipili manga yake na Cabernet Sauvignon matunda yake meusi yaliyoiva. Sukari hufunika uchungu na uchachu, lakini hufunika hata kasoro, jambo ambalo mtengenezaji mzembe analijua vizuri.

Mvinyo ulioharibika kweli upo, na dalili zake ni tofauti. Unanuka siki. Au unanuka karatasi ngumu iliyolowa, kwa sababu ya kizibo kibovu. Mweupe mchanga unageuka kahawia na kupoteza harufu ya tunda. Mara nyingi mkosaji ni baa iliyofungua chupa wiki iliyopita na kuiacha kaunta kwenye joto la Dar es Salaam. Mvinyo wa namna hiyo rudisha, uwe mkavu au mtamu.

Siudharau utamu. Sauternes ya Ufaransa na Tokaji ya Hungaria ni tamu kupindukia, nazo ni miongoni mwa mivinyo inayoheshimiwa zaidi duniani, kwa sababu uchachu wake unaubeba utamu huo. Naye aliyejifunza majina matatu ya Kifaransa kisha akaanza kuwacheka wanaopenda mvinyo mtamu anatumia sukari kama kipimo, kwa kukigeuza tu juu chini.

Linaloniuma zaidi ni Dodoma. Zabibu ililetwa huko na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, kwenye nyanda kame zilizo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mwenzake wa Bordeaux haliwezi. Kuna Makutupora, zabibu nyekundu yenye jina la kwao. Kuna Syrah. Hombolo, huko huko Dodoma, wamepanda Aglianico ya kusini mwa Italia, yenye tanini na uchachu mwingi, na Teroldego ya Trentino. Hivi ni vionjo ambavyo mtu angefunga safari kuvifuata. Sisi tunataka vyote viwe na ladha moja ya sirapu, kisha tunashangaa kwa nini wakulima wanalalamika kukosa soko la mchuzi wa zabibu, malighafi ya mvinyo. Mnywaji asiyetofautisha zabibu hii na ile hana sababu ya kulipia zaidi zabibu iliyotunzwa vizuri, na kiwanda hakina sababu ya kumlipa zaidi aliyeitunza.

Mikahawa inaweza kuanza kesho, ya Dodoma ikitangulia: kwenye orodha ya vinywaji, mbele ya kila mvinyo, waandike jina la zabibu na kama ni mkavu au mtamu, na kabla ya kumimina mhudumu amuulize mteja anakula nini.