Nguo ya Kuazima Haisitiri

Ndugu zetu wa Same na Upare nzima,

Liko jambo ambalo macho yetu yamekwisha lizoea, na jicho likizoea jambo, ulimi hauulizi tena. Mwangalieni mkulima anayeteremka kutoka Mamba na tangawizi yake. Gunia lake ni la plastiki. Kamba aliyolifungia ni ya nailoni. Mfuko anaorudi nao nyumbani, wenye sukari na sabuni ndani, umefanana na kitambaa, lakini nao ni plastiki. Shati lililo mgongoni mwake limekwisha valiwa na mtu asiyemjua katika nchi asiyoijua, na mara nyingi uzi wake umetengenezwa kwa mafuta ya petroli. Basi mkulima huyo huyo akipanda gari hapa Same kwenda Korogwe, hana budi kupita Makanya, penye mkonge uliopandwa safu kwa safu tambarare nzima.

Twauliza: imekuwaje watu wa nchi yenye mkonge na pamba wafungwe kwa plastiki tangu gunia mpaka shati? Jibu letu ni fupi. Hatukukosa nyuzi. Tumekosa kuzimaliza kazi wenyewe. Auzaye uzi akaja kununua nguo atabaki uchi siku zote, kwani wahenga walikwisha sema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako.

MKONGE NA WATU WAKE

Mkonge si mmea wa asili yetu. Mwaka 1893 Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipofika pwani yetu ni miche 62 tu iliyokuwa hai. Kutokana na michache hiyo mkonge ulienea Tanga, Korogwe, Morogoro na Lindi, hata ukafika tambarare zetu za Upare, penye reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, ikawa ya kwanza duniani.

Lakini tusijidanganye kwa sifa hiyo. Singa zile zilitoka kwa jasho la manamba, watu waliochukuliwa kutoka mbali na kupewa namba kama mizigo. Walifanya kazi kwa kipande, na mpaka siku 30 za kazi zitimie ndipo mshahara utoke. Na singa zenyewe hazikukaa hapa. Zilifungwa robota kwa robota zikapakiwa melini kwenda Ulaya na Amerika, na huko ndiko zilikosokotwa kamba za kufungia nafaka na majani makavu ya ng'ombe. Faida ya kusokota ilikuwa ya msokotaji. Yetu ilikuwa faida ya kukata, nayo ni ndogo.

Basi kamba za nailoni na polipropilini zilipofika sokoni, mkulima wa Ulaya aliacha ile ya mkonge akachukua ya plastiki, nasi tukaanguka. Kufikia mwisho wa karne ya 20 tulikuwa tumebakiwa na kama tani 20,000 kwa mwaka. Wako wasemao kwamba mkonge uliuawa na kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967. Uongozi mbaya ulikuwapo, wala hatuufichi. Lakini hata meneja hodari hawezi kumlazimisha mtu aliye ng'ambo kununua kamba asiyoitaka. Kosa kubwa lilikuwa kumtegemea mnunuzi mmoja aliye mbali na kumwuzia kitu kimoja kisichomalizika.

PAMBA NAYO HIVYO HIVYO

Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina. Mwanza ilipata Mwatex, Arusha ikapata Kilitex, na Moshi jirani zetu wakawa na kiwanda cha magunia. Miaka ya 1980 na 1990 vingi vya viwanda hivyo vilidhoofika. Mitambo ilichakaa, fedha za vipuri hazikupatikana, na soko lilipofunguliwa mitumba iliingia kama mafuriko. Hata leo sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini ikiwa nyuzi ghafi.

Tulijaribu kuzuia mafuriko hayo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliafikiana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Mwaka 1967 au 1977 pengine lingesemwa likaisha. Safari hii wafanya biashara ya mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza nguo zetu huko bila ushuru. Rwanda peke yake ilishikilia neno lake, na mwaka 2018 ikaondolewa nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Sisi, Kenya na Uganda tulirudi nyuma.

Hatumlaumu mama anayeuza mitumba sokoni ili awasomeshe watoto, wala mzazi anayenunua. Mtu huvaa anachoweza kulipia. Tunalosema ni kwamba nchi isiyoweza kujivisha yenyewe ni rahisi kutishwa, na tulitishwa mbele ya macho ya watu wote.

MFUKO ULIOVAA KANZU

Twende kwenye mfuko. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Lilikuwa jambo jema. Mifuko ile ilikuwa imejaa katika mitaro na mifereji, na mbuzi wetu walikuwa wakiimeza. Wengi tulidhani siku ya mkonge na ya kikapu imefika. Je, kilichofika ni nini? Ni mfuko mwepesi wa rangi rangi unaofanana na kitambaa. Wengi huuita mfuko wa kitambaa. Mfuko huo mara nyingi ni polipropilini, ndugu yake yule yule aliyefukuzwa, ila amerudi amevaa kanzu. Haukufumwa wala haukutoka shambani. Ukichanika hupukutika nyuzi nyuzi, nazo haziozi.

Hali kadhalika nguo. Nguo ya poliesta kila inapofuliwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, zikaenda na maji. Maji ya Upare yashuka toka Shengena na Chome kwa mifereji, yakutana kwenye ndiva, yamwagilia shamba la huyu na la yule. Tunachokifua juu wenzetu wanakipata chini.

Tena mama yo yote ajua bila kufundishwa na mtaalamu. Kanga ya pamba hunywa jasho na maji, humbeba mtoto asiteleze, na ikichakaa huwa kitambaa cha kupangusia. Kanga ya poliesta hung'aa dukani, lakini juani hushika joto na mvuani hainyonyi kitu.

MASWALI MATATU

Kwa hiyo twapendekeza kila mtu anunuapo nguo, mfuko, hema au kamba aulize maswali matatu. Kimetoka shamba gani? Kimepita mikononi mwa nani, na mikono hiyo ililipwa nini? Kikichakaa kitakwenda wapi?

Swali la pili si la huruma tu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliwaangukia mafundi wa nguo, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Walikuwa wakishona nguo za bei rahisi za kuuzwa Ulaya na Amerika. Nyufa zilionekana siku iliyotangulia, lakini waliamrishwa kuingia kazini. Rahisi ya mnunuzi ilikuwa ghali kwa mtu mwingine.

Wala tusiende mbali hadi Bangladesh. Mkata mkonge wa kwetu afanya kazi juani penye miiba iwezayo kutoboa jicho. Mfanyakazi wa brashi avuta vumbi la singa kifuani. Kama singa zimetoka kwa mtu asiye na glavu, asiye na buti, asiye na kinga ya vumbi wala mkataba, hatuwezi kuziita safi ati kwa kuwa zimetoka kwenye mmea. Ubaya wa kipande cha zamani hautaoshwa kwa kubandika neno "asilia" juu ya mfuko.

Na jambo hili lawezekana. Huko Meatu tangu mwaka 1994 wakulima wa pamba chini ya bioRe wamelima bila mbolea wala dawa za viwandani, na pamba yao hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Mnunuzi wa Uswisi hutaka kujua shamba lilikotoka shati lake. Kama yeye aliye mbali ataka kujua, sisi tulio jirani na shamba twaona haya gani kuuliza?

TUSIDANGANYANE

Hatusemi mtu avae shati la katani. Mkonge ni mgumu na huwasha, haufai kwa shati. Wala hatubishi kwamba kamba ya nailoni ina nguvu, na kwamba katani ikikaa majini huoza. Mpanda mlima mwenye kuning'inia jabalini na atumie kamba yake ya kiwandani. Lakini kufungia kuni, kufungia mbuzi, kubebea ndizi, kutandika mlangoni, kuwekea maharage na mahindi, mkonge watosha na kuzidi. Pamba nzito watosha kwa mfuko wa shule, kwa turubai na kwa hema la kambi kavu. Hata Ulaya wameanza kuyaogopa makoti ya mvua yaliyopakwa zile dawa za kuzuia maji ambazo wataalamu wao huziita kemikali za milele.

Wageni waja Mkomazi, wengine wapanda Shengena, mita 2,462 juu ya bahari. Hubeba kila kitu kutoka kwao. Warudipo, wachukue nini cha Upare? Mfuko wa singa wenye jina la kijiji kilichoufuma ungetosha kuwa mwanzo.

LA KUFANYA

Kwanza, mashine za kuchakata ziwe karibu na mkulima mdogo. Jani la mkonge likikatwa halingoji, na asiye na mashine humwuzia aliye nayo kwa bei ya mwenye mashine. Katika kilo 100 za majani singa ni kama kilo 4 tu, maana yake mkulima anayesafirisha majani analipia gari kubeba maji na makapi. Ushirika na ununue mashine, nayo iwe kama ndiva ya wazee wetu, ya wote, kila mtu na zamu yake, na wote hutoka kuitengeneza inapoharibika. Makapi nayo yasitupwe mtoni. Hale walikwisha jenga mtambo wa kuyageuza gesi na umeme.

Pili, vikundi vya akina mama na vijana vifundishwe kusokota, kufuma na kushona. SIDO iko tangu mwaka 1973 kwa kazi za namna hiyo. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, isiishie kwenye kununua bidhaa za kuchuuza tu. Ikanunue na vitanda vya kufumia na vyerehani.

Tatu, sare za shule. Hapa wazazi wana nguvu ambayo hawajaitumia. Mzazi mmoja akienda dukani huchukua kilichopo. Wazazi wa shule nzima wakikubaliana kitambaa cha pamba cha kiwanda cha nchini, watanunua kwa jora, na mafundi cherehani wa kata ile ile watashona. Fedha itazunguka Same kabla ya kuondoka.

Nne, wafanyakazi wa mkonge wajiunge na chama chao, wadai mkataba wa maandishi na vifaa vya kinga. Sisi wanunuzi tuwaunge mkono kwa kuuliza lile swali la pili.

Tunajua neno litakalosemwa: ghali. Tulijibu kama tunavyowafundisha watoto wa darasa la nne. Kama mfuko wa plastiki ni nusu ya bei ya mfuko wa singa, lakini wachanika mara tatu kabla wa singa haujaisha, nani amelipa zaidi? Na anayesafisha mfereji ulioziba hakulipwa katika hesabu hiyo.

Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka kutoka pande zote za Upare wakaja kukaa hapa hapa Same kuikataa kodi ya mbiru. Hawakuwa na silaha. Walikuwa na neno moja, nao walilisema pamoja mpaka likasikilizwa, na hatimaye kodi ile ikaondolewa. Jambo tunaloliomba sisi leo ni dogo kuliko lao. Katika mkutano ujao wa wazazi, ndugu, simama uulize sare za watoto zimetengenezwa kwa nini, na nani alizishona. Katika mkutano wa ushirika, uliza mashine. Sokoni, uliza mfuko. Kata itakayoanza ituarifu, nasi tutawaambia wenzao wa kata nyingine waende wakatazame.