Filtre ya Dola Kumi

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya cheni. Leo ni juu ya filtre ya hewa, na nitaanza na habari iliyotokea hapa kwetu Shasha, ambayo mimi mwenyewe nina sehemu ndani yake.

Kuna kijana mmoja, jina lake nalificha kwa sababu mama yake anasoma ukurasa huu. Alichimba koltani kule Rubaya miaka mitatu. Akatoka shimoni na pesa za kununua Boxer, ile pikipiki ndogo ya Kihindi yenye taa ya duara, kiti kirefu na umbo la pikipiki za zamani. Siku alipoileta nyumbani mama alilia. Aliniambia, «Pasta, mtoto akiwa barabarani, jioni naweza kusikiliza mulio ya moto. Akiwa mu shimo, nasikiliza nini?» Na Februari 2024, vita vilipofika hapa Shasha, ndiyo pikipiki hiyo iliyowabeba mama na mtoto wake mdogo. Kwa hiyo ninapoandika juu ya pikipiki, msifikiri naandika juu ya chuma tu.

Baadaye kijana akaenda Goma kununua mpira wa ndani. Katika butiki akaonyeshwa filtre nyingine, yenye umbo la koni, kofia inayong'aa kama sahani ya arusi na wavu mwekundu. Dola kumi. Wakamwambia inaongeza nguvu. Fundi akang'oa boksi jeusi la plastiki lililokaa chini ya kiti, akaingiza koni kwenye mdomo wa kaburatere, akakaza, wakaenda. Boksi likatupwa.

Juma lile nilipanda nyuma yake kwenda matanga ya mzee mmoja upande wa Bweremana. Pikipiki ilinguruma kweli, na kilima ilikipanda bila kulalamika. Nikampiga begani nikasema, «Mwana wangu, hapo umefanya vizuri.» Sasa mnajua sehemu yangu.

Miezi mitano haikupita. Moshi wa rangi ya buluu ukaanza kutoka nyuma. Kila juma aliongeza mafuta ya injini. Halafu akaanza kukataa abiria wawili, maana pikipiki ilishindwa na mlima uleule. Walipofungua injini, silinda ilikuwa na mistari kama imekwaruzwa na msumari. Pistoni mpya, segma mpya, silinda kuchongwa upya. Pesa iliyolipa kazi hiyo ilikuwa pesa ya masomo ya wadogo wake wawili, nao wakarudishwa nyumbani mbele ya mitihani. Ndiyo maana nimeketi kuandika.

Tuanze na hewa yenyewe. Injini haili esansi peke yake. Kilo moja ya esansi inataka karibu kilo kumi na tano za hewa ndipo iungue vizuri. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo ukihesabu kwa lita utashangaa: lita moja ya esansi inameza zaidi ya lita 9000 za hewa. Hesabu kwa bidoni za lita ishirini, utapata bidoni 450. Hewa yote hiyo inapita katika filtre, na kila kitu kilichomo ndani yake kinataka kupita pamoja nayo.

Na vumbi letu mnalijua. Kutoka Goma mpaka Sake barabara inapita juu ya mawe ya volkano, na magari makubwa yanayasaga mchana kutwa. Huko milimani kuna vumbi la machimbo. Vumbi la mawe ya volkano lina vipande vidogo vikali kama vya kioo. Likiingia katika silinda linachanganyika na mafuta, linakuwa kama ile dawa ya kusugulia chuma. Pistoni ya pikipiki ndogo inapanda na kushuka mara elfu nyingi kwa dakika chache. Fikiri mwenyewe inachosuguliwa.

Sasa swali ambalo vijana wataniuliza, na wana haki: mbona ilipata nguvu mwanzoni? Haukuwa uongo, hata mimi niliisikia mgongoni. Jibu ni kimo cha nchi yetu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya bahari. Hewa ya hapa imepungua uzito, karibu sehemu 13 katika mia ukilinganisha na Mombasa au Moanda. Kama kaburatere ilitengenezwa kwa nchi za chini, hapa inatoa esansi nyingi kuliko hewa inayopatikana. Pikipiki inakuwa kama mtu aliyeshiba mno, inatoa moshi mweusi kidogo na inakuwa nzito. Filtre ya wazi inaruhusu hewa zaidi, basi mchanganyiko unakaribia kuwa sawa, na kijana anasema amenunua nguvu. Sehemu nyingine ni kelele. Boksi lilikuwa linanyamazisha sauti ya kuvuta hewa, na likitoka, sikio linadanganya mkono.

Lakini kijana huyohuyo akipata abiria wa kwenda Walikale, anashuka kwenye msitu wa joto, chini sana kuliko hapa. Kule hewa ni nzito zaidi. Inaingia nyingi, esansi haitoshi, injini inapata joto kali. Pistoni inaweza kuungua wakati yeye anafurahia mwendo. Pikipiki iliyopangwa Sake haikupangwa kwa ajili ya Walikale, na filtre ya wazi inazidisha tofauti hiyo.

Tena lile boksi halikuwekwa pale kwa urembo. Linavuta hewa kutoka mahali pa juu, penye kivuli, mbali na matope ya gurudumu la nyuma. Linaweka hewa tulivu kwa ajili ya kaburatere, na hiyo inasaidia pikipiki kuvuta ikiwa polepole na mzigo, ndiyo kazi yetu ya kila siku hapa. Nguvu ambayo filtre ya wazi inaweza kuleta kwa injini ndogo ya cc 100 au 150 ni kidogo, nayo inapatikana mashine ikizunguka kwa kasi sana. Nani kati yenu anapanda Rubaya kwa kasi sana, na gunia nyuma?

Kwa hiyo neno langu ni hili, na fundi asinikasirikie: pikipiki yako ya kazi, iache na boksi lake. Nunua filtre mpya ya aina ileile, irudishe mahali pake.

Hata hivyo najua kuna ambao boksi lao limevunjika katika ajali, na lingine halipatikani sokoni. Hao siwezi kuwaambia wakae nyumbani. Kama ni lazima uweke filtre ya duka, fanya hivi.

Kwanza pima mdomo wa kaburatere kabla ya kulipa. Usipokuwa na kipimo cha fundi, zungusha uzi mara moja kwenye mdomo, unyooshe kwenye rula, halafu gawa kwa 3,14. Uzi ukiwa sentimita 13,2 mdomo wako ni milimita 42. Filtre ya 48 haitakaa vizuri hata ukiifunga na mpira wa chambrea, na nimeona wengi wakifanya hivyo. Vumbi halihitaji mlango mkubwa. Paka grisi kidogo sana kwenye ukingo, kaza kolie, ule mkanda wa chuma, mpaka filtre isizunguke kwa mkono.

Chagua sponji kuliko wavu mtupu. Na sponji ikiwa kavu haikamati vumbi jembamba, lazima ipakwe mafuta. Hapa nakumbuka mchungaji mzee aliyenifundisha kuendesha nilipokuwa kijana, juu ya Yamaha AG 100 ya misioni. Kila Jumamosi jioni alitoa sponji, akaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akaikausha kivulini, akaitia mafuta safi, akaikamua mpaka isidondoke. Sisi vijana tulimcheka, tukisema anaosha nguo ya pikipiki kabla ya kuosha yake. Usioshe kwa esansi: inaharibu gundi, na karibu na jiko la mama inaweza kuchoma nyumba. Usikate matela ukaweka kipande chake pale. Sponji ya matela inachakaa kwa esansi, halafu injini inavuta vipande vyake. Kama filtre yako ni ya karatasi, isiguse maji wala mafuta. Ipigepige taratibu, ipulize kutoka ndani kwenda nje, na ikizeeka itupe.

Kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye injini na kuingia katika boksi la zamani. Mafundi wengine wanauziba kwa kipande cha mti. Msikubali! Injini inapumulia pale, na ikizibwa, mafuta yatasukumwa kutafuta njia kwenye mipira ya kuzuia. Uwekewe kifiltre chake kidogo, ukielekezwa juu, mbali na matope.

Halafu angalia buji. Endesha kilomita kadhaa na mzigo wa kawaida, zima, acha ipoe, itoe. Rangi ya kahawia kama biskuti ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu, esansi ni nyingi. Nyeupe, hewa ni nyingi na injini inaungua: fundi aweke jikleri kubwa zaidi, au ainue sindano ya kaburatere kama sindano yako ina mifereji ya kuipandisha. Kugeuza skuru ya ralanti peke yake hakutoshi. Ile inasaidia pikipiki ikisimama inanguruma, na wewe hupati nauli ukisimama. Kabla ya safari ya Walikale, angalia buji tena ukishafika chini.

Kipimo cha mwisho hata mama wa nyumbani anaweza kukifanya, nami nawaomba mkifanye. Baada ya juma moja, toa filtre, funga kitambaa cheupe kwenye kidole, kipitishe ndani ya mdomo wa kaburatere. Kitambaa kikitoka na vumbi, kuna mahali linapita. Usimsikilize anayesema ni kidogo. Kijana wetu angefanya hivyo juma la kwanza, angepoteza dola kumi tu.

Na mvua je? Filtre ya wazi haina paa. Kwenye mto au dimbwi kubwa, shuka usukume, injini ikiwa imezimwa. Wengine wanafunga soksi ya nailoni juu yake. Kwa vumbi inasaidia kidogo, lakini ikilowa inaziba pumzi, nawe utasimama katikati ya njia na abiria anayekudai pesa yake.

Kijana nilimtembelea tena juzi. Injini imetengenezwa, deni limebaki kidogo, na wadogo wamerudi shuleni baada ya wazazi wachache kanisani kukopeshana. Nikamwomba msamaha juu ya lile neno nililomwambia njiani. Akacheka, «Pasta, hata fundi hakujua, wewe ungejuaje?» Tukaanza kutafuta boksi la zamani, maana jipya hakulipata. Fundi alisema aliwapa watoto. Tukalifuata nyumba kwa nyumba mpaka tukafika kwa jirani: mwili wa boksi ulikuwa umening'inizwa jikoni, unawekewa chumvi, na mfuniko wake ulikuwa chombo cha maji ya kuku. Mama mwenye kuku hakutaka kuuachia bure. Tulimletea bakuli la plastiki, akakubali. Tuliosha yote mara tatu, na ufa mmoja kijana aliuziba kwa plastiki iliyoyeyushwa. Filtre mpya ya ndani aliinunua Sake.

Koni nyekundu bado iko kwake, juu ya meza, karibu na redio. Anasema ataiuza. Nimemwambia akiuza, amweleze mnunuzi yaliyompata.

Wenye maswali juu ya breki, ambayo tutaizungumza mwezi ujao, waandike kwenye karatasi na kuipeleka kwa mzee wa kanisa Jumapili kabla ya ibada. Nasema kabla. Mara ya mwisho mmoja alinipa swali la klachi nikiwa nashuka mimbari, na nikasahau matangazo yote.