Fungua, Funga

BARAZANI, na Abu Kasuku

Ijumaa iliyopita nilialikwa, kwa kadi yenye nakshi za dhahabu ambayo mke wangu ameihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya wajukuu, kuhudhuria uzinduzi wa mtandao mpya wa mawasiliano ya dharura wa kaunti yetu. Na maadamu wasomaji wangu wanajua kwamba mimi sikatai mwaliko wenye mahamri, nilivaa kanzu nikaenda. Tulioneshwa ukuta mzima wa skrini, na ndani yake ramani ya mji, na juu ya ramani vitone vyekundu vikitambaa mfano wa sisimizi, ambavyo tuliambiwa kwa taadhima kubwa kuwa ndiyo magari ya zimamoto. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, mahamri yakaliwa. Sikuuliza swali hata moja, na hilo nalijutia.

Jumatatu, baada ya sala ya isha, umeme ukiwa umekatika kama ilivyo ada yake, karai la mafuta la jirani yetu muuza viazi lilishika moto, na moto ule, usio na habari kwamba kaunti imezindua mtandao, ukaparamia paa la makuti na kuingia ghala la magunia lililo nyuma. Gari la zimamoto lilifika upesi. Hapo sitamdhulumu mtu. Lakini uchochoro wetu uliachwa kwa kipimo cha punda na shogi lake, basi gari likasimama barabara kuu, mpira ukavutwa kiasi cha hatua 100 ndani, na kijana aliyeshika mdomo wa mpira akachomoa kiunoni simu yake ya upepo, ambayo betri yake imefungwa kwa mpira wa manati, ili amwambie dereva afungue maji. Ikamjibu kwa sauti ya samaki anayekaangwa. Akaipiga kofi, akaiinua juu ya kichwa, akaisogeza dirishani kwa Bi Mkubwa, ikaendelea kukaanga.

Waliotufaa ni watoto wa mtaa, nao walitufaa kwa muda. Walijipanga kutoka motoni hadi garini, mmoja kila kona, wakawa wanapokezana amri. “Fungua maji!” alisema wa kwanza, “Fungua maji!” akaitikia wa pili, ila mtoto wa kona ya tatu, mwenye pengo la meno mawili ya mbele na haraka aliyorithi kwa babake, alimfikishia dereva “Funga maji!” Dereva ni mtu mtiifu. Akafunga. Mpira ukalegea mikononi mwa yule kijana, naye akanigeukia, uso mzima masizi, akanena kwa adabu ambayo siku hizi ni nadra: “Shikamoo mzee. Una salio?”

Nikamwambia marahaba, nikampa simu. Hivyo ijulikane kwamba usiku ule mtandao wa dharura wa kaunti ulikuwa simu ya mzee mmoja aliyestaafu, yenye kioo kilichopasuka na salio la shilingi 12. Ghala liliungua nusu. Binadamu hakudhurika, alhamdulillahi.

Moto ulipozimika nilimuuliza kijana habari ya vile vyombo vipya. Alinipandisha garini akanionesha tableti iliyokuwa iking’ara vizuri kabisa, ikieleza kwamba gari lipo barabara kuu, jambo ambalo hata kasuku wangu alikuwa analijua. Na ile simu ya upepo? Haisemi ila kwa kupitia mnara, na mnara, umeme ukikatika, hulala, kwa kuwa betri zake zimekufa na hazikuwamo katika zabuni. Na redio mpya? “Zipo, mzee. Ni za maofisa.”

Sababu ya haya yote ni moja tu, wala sihitaji tume kuniambia: betri ya mnara haina sura ya kupigiwa picha. Redio za mfumo wa TETRA, ambazo vikosi vya dharura vya nchi nyingi huzitumia, husemezana zenyewe kwa zenyewe hata mnara usipokuwapo, na kitufe kimoja chekundu huipa sauti ya mwenye dhiki njia mbele ya wengine wote. Lakini nani akate utepe mbele ya kitufe? Mjini New York, Septemba 2001, walikufa wazimamoto 343, na wamo ambao hawakuisikia redioni amri ya kutoka jengoni, ilhali mji ule haukupungukiwa na skrini. Ama habari ya mnara usio na umeme, waulizeni ndugu zetu wa Unguja, waliokaa gizani takriban miezi 3, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Na asije mtu kunielekeza Nairobi: Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, na sauti ya mzimaji imo humo humo.

Tangu Jumatatu kasuku wangu ameshika maneno mapya. Kwanza hukaanga samaki, kisha hupiga ukelele wa “Fungua! Funga!” unaosikika hadi barabara kuu, bila mnara, bila umeme, kwa gharama ya pilipili mbili kwa siku. Nimemwandikia barua mkuu wa idara kumwarifu kwamba ndege yupo, na zabuni si lazima. Ila asiwape maofisa.